Naomba ushauri: nafundisha vijana wa maskani nakshi, sasa mmoja ameniibia patasi

Fundi wa Langoni
Assalam aleikum ndugu zangu. Mimi ni fundi wa milango hapa Amu, kiwanda changu kiko Langoni, nina jambo lanikosesha usingizi naomba mnisome mpaka mwisho.

Tangu Ramadhani iishe nachukua vijana wa ile maskani ya karibu na gati, wale watu wakiwaona wanashika mikoba, nawafundisha kukata nakshi bure. Nilianza na watatu sasa ni tisa. Wawili washalala selo kwa mambo ya simu, na kuna mmoja wa miaka 16 ambae kaka yake amemalizwa na unga wa kulevya na yeye nikimwangalia naona ndiko anakoelekea. Twakutana Jumanne na Alhamisi baada ya alasiri mpaka magharibi.

Huyo wa 16 wiki ilopita alikua kwenye nakshi yake ya kwanza ya waridi. Bikari ninayo moja tu na ilikua kwa mwenzake, basi akachukua msumari na uzi akapiga duara, alafu kwa uzi ule ule bila kuupunguza akaligawa duara mara sita, majani sita yakatoka sawa sawa, mi sikumfundisha hilo. Akaanza kukata, ulimi nje kama mtoto wa chuoni aandika alifu. Simu ikalia hakuishika, saa nzima hakuinua kichwa. Kesho yake nafungua sanduku patasi tatu hazipo, za marehemu baba, chuma cha zamani ambacho siku hizi hukipati. Na yeye haonekani.

Sasa majirani wasema nafuga wezi. Mzee mmoja ataka nipeleke jina kituoni. Nifunge? Nimripoti? Na hii nakshi yamzuia mtu kuiba kweli ama najidanganya?

Baba Abdul
Pole fundi lakini ripoti. Mimi nimeibiwa injini ya boti nikanyamaza kwa huruma, baada ya mwezi wakarudi kuchukua tangi la mafuta. Ukinyamaza wale wanane waliobaki pia wanakusoma.

Mtepe_01
Ami usifunge. Mimi nilikaa maskani hiyo hiyo miaka sita nakwambia kitu ambacho hakuna mtu aliniuliza. Alasiri sisi tulikua tumelala au tumekaa tu, hakuna ubaya unaofanyika alasiri. Mambo yaanza baada ya isha, pale mtu hana pa kwenda, nyumbani chumba kimoja watu saba, anatoka anakaa gati na anaekuja na noti mfukoni ni yule mwenye unga. Wewe wafungua mlango saa ambayo hawana shida nao na wafunga saa wanayouhitaji. Weka usiku, na siku nne kwa wiki sio mbili, hata wakija wawili kaa nao.

Mwalimu mstaafu
Hapo Mtepe amesema kweli. Mimi nataka nijibu lile swali lako la mwisho manake ni swali zito. Venezuela kuna mpango wa muziki uitwao El Sistema, ulianzishwa 1975 na José Antonio Abreu, watoto wapewa ala na kufunzwa kupiga pamoja. Watafiti walichukua watoto 2,914 kwenye vituo 16, wengine wakaingizwa mapema wengine wakangoja mwaka. Walioingia mapema wakawa na uwezo zaidi wa kujizuia nafsi, na tofauti ilikua kubwa kwa watoto ambao mama zao hawakusoma sana, na kwa wavulana, hasa walioona fujo na vurugu kwa karibu. Kwa hiyo hapana, hujidanganyi.

Lakini utafiti huo huo ulionyesha kasoro, watoto walioingia kwenye ule mpango wengi hawakua maskini, kama 17 kwa 100, wakati kwenye sehemu zile maskini walikua karibu 47 kwa 100. Yani mlango ulikua wazi lakini wenye shida zaidi hawakuingia. Wewe fundi umewapata wale wenyewe ambao wenzako na pesa zao walishindwa kuwapata. Nakuomba usije ukawabadilisha kwa watoto wenye adabu zao ili majirani wanyamaze.

Bint Mkomani
Kaka Fundi mi naongea kama mama. Kijana nyumbani hakuna chakula, na mlango wa nakshi wachukua miezi, na hata ukiisha ni wako si wake. Mfunze vitu vya kuuzika haraka, fremu za vioo, vibao vya majina ya nyumba, visanduku vidogo, na kikiuzwa mpe chake siku ile ile mkononi. Na si lazima iwe mbao ghali. Ile Flipflopi si ilijengwa hapa hapa Lamu, jahazi la mita 9 lote plastiki ya kuokotwa, Ali Skanda na mafundi wenzake wakalishusha majini 2018 na mwaka uliofuata likaenda kwa tanga mpaka Unguja. Plastiki iko ufuoni bure.

Na wasichana je? Wao hawakai gati hawaonekani lakini shida wanayo, tena yao imefichwa ndani.

Nimetulia
Nataka kusema moja tu. Mimi nimetumia unga miaka minane. Kama huyo kijana ashaanza, usimlaumu kwa kua nakshi haikumshika, manake arosto, yale maumivu ya kuukosa unga, ikikupata hata mama yako hummaizi, patasi ni kitu gani. Hospitali kwanza. Malindi methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache unga, yatolewa hospitali ya serikali, mimi nilikunywa pale kila asubuhi na ndio iliyonipa kichwa cha kukaa chini nikajifunza kazi. Kama bado hajaanza basi una nafasi, usimwachie hata wiki moja.

Mwalimu mstaafu
Baba Abdul nakuelewa, injini ni riziki ya watu. Ila huyu ni mtoto wa 16. Sheria ya Watoto ya 2022 yenyewe inaruhusu mtoto aliyekosa atolewe kwenye mkondo wa kesi, arekebishwe na alipe alichoharibu. Fundi aanze na mzazi, na kiwe kikao chenye masharti.

Fundi wa Langoni
Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Jana baada ya magharibi nilikwenda kwao. Mamake alikua hajui kitu, akaingia ndani akatoka na patasi mbili zimefungwa kwenye leso, amezikuta chini ya godoro. Ya tatu imeuzwa shilingi 300. Kijana alikua nyuma ya mlango, nikamwita akaja, hakuniangalia. Nimemuuliza unga mbele ya mamake, asema bado, ni bangi na muguka, na pesa zile alimpa kaka yake alikua anaumwa arosto. Nimetulia naomba nikuandikie faraghani kuhusu huyo kaka.

Tumekubaliana. Ya tatu ataifanyia kazi, na funguo ya sanduku anaweka yeye. Mke wangu hakulipenda hilo la funguo, na Baba Abdul najua hutolipenda, lakini wale wanane niliwaeleza yote na hakuna aliekataa.

Kuanzia Jumamosi twaanza baada ya isha mpaka saa nne, siku nne. Bint Mkomani, wasichana bint yangu mkubwa amekubali kukaa nao asubuhi za Jumamosi, wataanza na visanduku. Kitu sina ni taa, balbu yangu moja haifiki mezani kote. Mwenye taa ya sola asiyoitumia, au vipande vya mbao za mbambakofi vilivyobaki kwenye ujenzi hata vifupi, aniambie yuko mtaa gani nitatuma punda.