Mjadala: Je, kanuni ya mshindi kuchukua jimbo lote ndiyo iliyovifanya vyama vyetu viwe hivi?

Mleta mada (Mabatini, Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili jambo hili bila kuulizana kadi za vyama. Nani alishinda na nani aliibiwa, hayo yana siku yake. Leo nataka tuitazame kanuni yenyewe inayogeuza kura kuwa viti, maana naamini imevifinyanga vyama vyetu kuliko katiba na ilani zao.

Mwaka 2010 nilikuwa wakala katika kituo kimoja cha jimbo la Nyamagana. Tulianza kuhesabu jua likizama, tukamalizia kwa taa ya chemli. Msimamizi anainua karatasi, anatuonyesha mawakala, anataja jina, anaiweka kwenye fungu lake. Mafungu mawili yakawa yanapanda mbele ya macho yetu. Tulipomaliza, fungu la mshindi likafungwa raba bendi, la aliyeshindwa likafungwa vilevile, yote yakaingia kwenye bahasha, bahasha ikapigwa lakiri. Jimbo tulilichukua sisi. Ezekiel Wenje wa Chadema alimwangusha Lawrence Masha, waziri aliyekuwa madarakani, nami nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Lakini lile fungu la pili halijanitoka kichwani. Watu wale walipanga foleni moja na sisi, wakachovya kidole kwenye wino uleule, na kura zao hazikutoa mbunge wa jimbo hata mmoja. Mwaka 2015 jimbo likarudi CCM, fungu la pili likawa letu.

Sasa itazameni nchi nzima. Uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi ulikuwa wa 1995. CCM ilipata asilimia 59 ya kura za ubunge ikachukua majimbo 186 kati ya 232, yaani manane katika kila kumi. NCCR-Mageuzi, wakati ule mgombea wake wa urais, Augustine Mrema, akiwa ameitikisa nchi, ilipata karibu asilimia 22 ya kura na majimbo 16. CUF ilipata asilimia 5 ya kura na majimbo 24. Someni tena taratibu. Mwenye kura mara nne ndiye aliyepata majimbo machache. Kura za CUF zilikuwa zimerundikana Zanzibar, hasa Pemba, wakati za NCCR zilitapakaa Bara kama dagaa walioanikwa. Na huku kwetu Usukumani, UDP ya Mzee John Cheyo ilipata majimbo matatu kwa kura zinazozidi kidogo tu nusu ya zile za Chadema, nayo Chadema ikaambulia matatu hayohayo.

Chama kikishaiona hesabu hiyo, kinajifunza. Kinajifunza kulima kitongoji kimoja mpaka kizae, na kuacha kwingine hata ofisi ya kata kisifungue. Halafu tunawalaumu kwamba ni vyama vya mkoa fulani au kabila fulani, ilhali kanuni ndiyo iliyowalipa kwa kufanya hivyo.

La pili wanalojifunza ni kuungana kwa sababu ya hesabu tu. Msomi wa Kifaransa Maurice Duverger alilieleza hili tangu miaka ya 1950: pale mwenye kura nyingi anapochukua jimbo zima, siasa husukumwa kuelekea vyama viwili, kwa kuwa wanasiasa wadogo hutafuta mgongo wa kupanda na mpiga kura huogopa kura yake isiende bure. Kwetu tuliyaona 2015, Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD walipoachiana majimbo chini ya UKAWA. Haikuchukua muda CUF ikapasuka, na mwaka 2019 katibu mkuu wake, Maalim Seif, akahamia ACT-Wazalendo. Kaulimbiu ikawa "Shusha tanga, pandisha tanga", bendera za ofisi zikabadilishwa ndani ya siku chache. Mwanachama wa kawaida aliyelipia kadi yake miaka ishirini hakuulizwa kitu.

Pendekezo langu ni kwamba tubaki na majimbo, lakini tuongeze viti vya fidia vinavyogawiwa kwa uwiano wa kura za nchi nzima na kujazwa kutoka orodha za vyama. Lesotho walifika hapo kwa machozi. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata kama asilimia 61 ya kura kikachukua viti 79 kati ya 80. Wapinzani wakaingia barabarani, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia, mji mkuu Maseru ukachomwa. Uchaguzi uliofuata, 2002, walibaki na majimbo 80 wakaongeza viti 40 vya kufidia. Chama cha BNP hakikushinda jimbo hata moja, lakini kwa asilimia zake 22 za kura kikapata wabunge 21. Fungu la pili likapata pa kukaa.

Na sisi si wageni wa hesabu hiyo. Viti Maalum vya wanawake, ambavyo Katiba inataka visipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote, tayari vinagawiwa kwa uwiano wa kura za ubunge kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5. Kwa nini uwiano uwe haki kwenye viti hivyo na uwe mwiko kwenye vingine?

Karibuni.

Mchangiaji wa Nansio, Ukerewe

Kaka, umeandika vizuri na nimekusoma mpaka mwisho, lakini mimi niko kisiwani, nikuambie tunavyoona sisi.

Ukiwa Nansio, mbunge ni mtu. Unajua nyumbani kwao, unajua atapanda meli siku gani, unaweza kumsubiri gatini na karatasi yako mkononi. MV Nyerere ilipozama pale Ukara Septemba 2018 na tukazika zaidi ya watu 200, watu hawakuuliza chama gani kina asilimia ngapi. Waliuliza mbunge wetu yuko wapi. Sasa huyo wa orodha, aliyeingia kwa kura zilizookotwa nchi nzima, nimsubiri gati lipi? Afrika Kusini wamekwenda na orodha tangu 1994, na malalamiko yao makubwa ni hayohayo: mbunge anamwogopa aliyemweka kwenye orodha, hamwogopi mpiga kura.

Tena usiipambe Lesotho. Baada ya viti hivyo vya fidia walifika mahali hakuna mwenye wingi. Walipiga kura 2012, wakarudia 2015, wakarudia 2017. Serikali ya mseto inavunjika, mnarudi kwenye foleni. Hizo fedha zingetununulia vivuko.

Mchangiaji wa Igoma

Wazee wangu, mnagawana samaki wakati mtumbwi hauna nanga. Mpaka leo Mtanzania haruhusiwi kugombea bila chama. Marehemu Mchungaji Mtikila alilipigania mahakamani miaka na miaka, na Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki zetu. Rais naye tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 anashinda kwa kura nyingi tu, si lazima zivuke nusu. Na mbunge akivuliwa uanachama, ubunge umekwisha. Yote matatu yanampa katibu wa chama rungu. Ukiongeza viti vya orodha juu yake, umemwongezea rungu la pili.

Tazameni ng'ambo ya ziwa. Uganda hawana uwiano, wana majimbo kama sisi, lakini mgombea binafsi anaruhusiwa, na katika Bunge la 2021 wabunge huru walikuwa wengi kuliko wa chama kikuu cha upinzani. Rwanda nao viti 53 kati ya 80 ni vya orodha na uwiano, na chama tawala hakijatikisika. Kwa hiyo uwiano peke yake haumfungulii mtu mlango.

Mchangiaji wa Pasiansi

Shikamooni wakubwa. Mimi nitazungumza na mleta mada kuhusu Viti Maalum, maana ameupitia haraka mno mfano ambao sisi wanawake tunauishi.

Niliwahi kugombea kwenye kura za maoni, yaani mchujo wa ndani, za jumuiya ya wanawake ya chama changu. Nilizunguka wilaya kwa bodaboda, nauli zangu mwenyewe, nikiwaomba kura wajumbe mmoja mmoja. Nilishika nafasi nzuri. Jina likapelekwa juu, na orodha iliporudi nilikuwa nimeshushwa mpaka mahali ambapo hata chama kingezoa kura zote nisingefikiwa. Hakuna aliyenieleza sababu. Niliambiwa tu, "Dada, endelea kukitumikia chama." Mpiga kura wa Ilemela hakuwahi kuiona orodha ile, na siku ya uchaguzi hapakuwa na karatasi yenye jina langu.

Kaka, uwiano wa kura ulikuwepo, na hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni mkono wa mwananchi juu ya majina. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba iliwaza njia nyingine: kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, wote wapigiwe kura na wananchi. Mimi nilitamani ile kuliko orodha.

Mleta mada

Dada wa Pasiansi, marahaba na pole. Umenigusa mahali nilipokuwa sijapatazama. Nilikuwa nahesabu mafungu ya kura sikutazama majina yanaandikwa na nani. Basi nabadilisha pendekezo langu, na naliandika wazi ili mnishike nalo.

Viti vya fidia visitoke kwenye orodha iliyopangwa na chama. Vitoke kwa wagombea waliosimama majimboni wakashindwa kwa kura nyingi. Chama kikistahili viti vitatu vya Kanda ya Ziwa, viende kwa wale watatu wake waliopata asilimia kubwa zaidi kwenye majimbo yao bila kushinda. Kila aliyeingia bungeni atakuwa amesimama jukwaani, uso wake umeonekana, jina lake limepigiwa kura. Katibu hawezi kulisogeza chini kwa kalamu. Na mwanamke aliyeshindwa kwa kura mia mbili Ilemela hatahitaji kuambiwa akitumikie chama.

Ndugu wa Igoma, nakubali kuhusu mgombea binafsi, na nakubali kwamba Rwanda ni jibu kwa anayedhani uwiano ni dawa ya kila kitu. Lakini na Uganda yako itazame vizuri. Wengi wa wale wabunge huru ni watu wa chama tawala walioshindwa kwenye kura za maoni wakagombea peke yao, na wakishaingia wanapiga kura na chama kilekile. Mlango umefunguka, ila waliouingia wametoka nyumba ileile.

Kaka wa Nansio, kwako nabaki na deni. Ni kweli mseto huvunjika. Ila mbunge mliyemchagua Ukerewe mwaka 2015 kwa tiketi ya Chadema alihama kwenda CCM mwaka 2018. Mlijua nyumbani kwao, na bado kura zenu zilivuka maji bila nyinyi. Kungekuwa na wa pili, aliyeshindwa kwa kura chache kisha akaingia kwa fidia, mngekuwa na watu wawili wa kuwasubiri pale gatini.

Mchangiaji wa Nansio, Ukerewe

Wawili wa kusubiri, hapo nimekusikia. Lakini nieleze kitu kimoja kabla sijakubali. Hivyo viti vya fidia vitapatikana kwa kuongeza Bunge, au kwa kuunganisha majimbo? Maana wakianza kuunganisha watatazama ramani, wataona visiwa vina watu wachache, watatuunga na Bunda au Ilemela. Mgombea atafanya mikutano nchi kavu kulikojaa kura, na mtu wa Ukara atamwona kwenye bango. Andika na hilo kwenye pendekezo lako, kwamba jimbo la kisiwa halifutwi, ndipo turudi kuzungumza.