Oksitosini ya baba inatoka wapi, na kichanga anabebwaje kwenye baridi hii?

MwanaMufindi:
Kamwene wakuu. Kwenye kikao cha wanaume hapa Mafinga hoja ni kwamba mama ana homoni za kumpenda mtoto kwa kuwa anamnyonyesha, baba hana, basi asubiri mtoto atembee. Wengine wanasema kupakata kichanga kunashusha nguvu za kiume. Oksitosini, hiyo homoni ya kumpenda mtoto, si ile sindano ya leba? Mwanaume anaipata wapi?

Homoni_Uyole:
Oksitosini inatengenezwa ubongoni, kwenye haipothalamasi, na kuachiwa na tezi ya pituitari. Mwanaume anavyo vyote viwili. Utafiti wa Ruth Feldman na wenzake huko Israeli (2010) uliwapima wazazi 160 mtoto wao wa kwanza akiwa na wiki 6, kisha miezi 6: kiwango cha baba na cha mama hakikutofautiana. Tofauti ilikuwa kwenye tabia. Mama mwenye oksitosini nyingi alibembeleza zaidi. Baba mwenye nyingi alichangamsha zaidi, akimchezesha mtoto viungo na kumwonyesha vitu.

Testosteroni, homoni ya kiume, inashuka kweli, ila hao wa kikaoni wameshika nusu ya habari. Huko Cebu, Ufilipino, vijana 624 walifuatiliwa kwa miaka kama minne na nusu (matokeo yalitoka 2011). Waliokuwa na testosteroni ya juu mwanzoni ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kupata mwenza na mtoto, kisha ikashuka. Waliokaa na mtoto saa 3 au zaidi kwa siku walikuwa chini kuliko wasiomhudumia kabisa. Huko ni mwili kubadili kazi, wala si ugonjwa.

Mfano wa hapa nchini ndio unaonivutia zaidi. Utafiti wa 2009 ulilinganisha Wahadzabe na Wadatoga, makabila mawili ya kaskazini mwa Tanzania. Baba wa Kihadzabe hushika watoto wadogo, na testosteroni yake ilikuwa chini kuliko ya mwanaume asiye na mtoto. Kwa Wadatoga, ambako kichanga ni wa mama, tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo kuitwa baba hakutoshi. Inaelekea homoni zinafuata mikono.

Mkunga_Makete:
Sindano ya leba ni uniti 10 kwenye msuli, mara tu mtoto akizaliwa, ili mfuko wa uzazi ukaze na mama asivuje damu nyingi. Haivuki kirahisi kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, basi asije mtu akaomba adungwe ili ampende mwanawe.

Cha kufanya ni ngozi kwa ngozi. Baba anawe, avue shati, asijipake manukato wala asinuke sigara. Mtoto abaki na nepi kavu, kofia na soksi. Mlaze wima katikati ya kifua, kichwa kimegeukia upande, miguu imekunjwa mkao wa chura. Funga kitenge, ukingo wa juu uishie chini ya sikio, kisha baba avae koti au ajifunike blanketi. Aegemee mito, asilale chali kabisa.

Kosa ninaloliogopa ni shingo: kidevu kikigusa kifua cha mtoto, njia ya hewa inabanwa. Uso uonekane muda wote. Baba akianza kusinzia, au amekunywa, amkabidhi mtu mwingine.

Viazi_Isyonje:
Dakika kumi nikitoka shamba zinatosha?

Mkunga_Makete:
Kwa ngozi kwa ngozi, jipe walau saa nzima. Kumvua na kumvisha kila mara kunamchosha na kumpoza. Dakika kumi zitumie kumwogesha, kumcheulisha au kumbadilisha nepi. Aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 ni habari nyingine: huyo ni saa 8 hadi 24 kwa siku, mama na baba wakipokezana, kwa maelekezo ya kituo.

Joto la kwapani liwe nyuzi 36.5 hadi 37.5. Likiwa chini, mrudishe kifuani na mama amnyonyeshe. Lisipopanda, au akikataa ziwa, nendeni kituoni. Na tafadhali, msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga madirisha: hewa yake ya sumu haina harufu, na inaweza kuwaua wote mkiwa usingizini.