Tupeane uzoefu: feni ya rejeta na hitilafu za umeme katika gari la zamani

Mwanzisha mada (Kimara, Dar es Salaam)

Ndugu zangu, ninaomba kila mmoja aeleze hapa aliyoyapitia na feni ya rejeta katika gari la zamani, maana nimeanza kuamini kwamba feni hubadilishwa mara nyingi bila kuwa na kosa lolote. Nianze na yangu. Ninaendesha Corolla ya mwaka 1996 yenye injini ya 5A, na tangu mwezi Machi imekuwa ikichemsha kila ninapokwama jioni kwenye foleni kati ya Ubungo na Kimara, ilhali asubuhi barabara ikiwa wazi mshale wa joto hautikisiki. Feni inazunguka, lakini kivivu, na nikiwasha taa kubwa inazidi kupooza. Fundi wa kwanza alisema mota imechoka, nami nikanunua nyingine iliyotumika kule mtaa wa Gerezani. Ilipofungwa, ikazunguka kivivu vilevile. Fundi wa pili hakutaka maelezo mengi: alivuta waya mpya mnene kutoka kwenye betri, akaweka swichi chini ya dashibodi, na feni ikavuma kama inayotaka kupaa.

Gari halichemshi tena, ila sasa mimi ndiye nimekuwa swichi ya joto, ile inayowasha feni maji yakichemka. Mara mbili nimesahau kuizima, na mara ya pili nilitoka msibani saa nne usiku nikakuta betri haina nguvu hata ya kupiga honi. Niongeze kwamba haya yote yalianza gari likiwa limetoka kunyooshwa bodi na kupakwa rangi upande wa mbele, kwa hiyo sikutegemea taabu nyingine ndani ya mwaka huu.

Fundi umeme (Morogoro)

Ndugu wa Kimara, jibu umelitoa mwenyewe bila kujua. Mota iliyopooza kwenye nyaya za asili ndiyo hiyo hiyo iliyovuma kwenye waya mpya. Basi mota ni nzima, na huenda hata ile ya kwanza uliyoitupa ilikuwa nzima. Umeme wako unapotea njiani. Feni ya gari dogo hula ampia 10 hadi 15 hivi. Kiungo kimoja chenye kutu kikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, kwa ampia 15 kinameza volti 1.5 na kutoa joto la zaidi ya wati 22 mahali palepale, ndiyo maana mara nyingi utakuta plagi ya feni imebadilika rangi au imeyeyuka upande mmoja. Ukinzani mdogo kiasi hicho mita zetu za kawaida haziuoni sawasawa, kwa hiyo usihangaike kupima omu feni ikiwa imezimwa. Pima volti ikiwa kazini. Gusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, na nyingine kwenye waya wa feni unaorudi bodini, ule tunaouita athi. Ukisoma zaidi ya nusu volti, hapo pana mwizi. Kisha fanya hivyo hivyo kati ya nguzo chanya na waya unaoleta umeme kwenye feni.

Jambo la pili linahusu swichi ya joto. Katika Toyota nyingi za miaka ile, swichi hiyo hufanya kazi kinyume cha wengi wanavyodhani: maji yakiwa baridi imefunga mzunguko, na yakifika nyuzi 93 hivi inauachia, ndipo feni inapowaka. Maana yake ni kwamba waya wake ukikatika, feni huzunguka muda wote ambao ufunguo umewashwa, kwa sababu waliounda mfumo huo waliona heri feni isizime kuliko injini iungue. Nimeletewa magari ambayo feni «haizimi» na mwenye gari ameshauziwa relei (swichi inayoendeshwa na umeme) mbili, kumbe plagi ya swichi imechomoka tu. Jambo hilo linakupa kipimo cha bure: ondoa kwanza ule waya wa dairekti, yaani uliovutwa moja kwa moja kutoka kwenye betri, kisha, injini ikiwa imepoa, chomoa plagi ya swichi na uwashe ufunguo bila kuwasha injini. Feni ikizunguka, basi fyuzi, relei na mota vyote viko hai, na kilichobaki ni kutafuta udhaifu. Mikono iwe mbali na mapanga yake.

Nami nimefunga feni za dairekti nyingi katika ujana wangu, sijivuni. Sasa swali: wale wa bodi walipopaka rangi, boliti ya athi iliyo karibu na taa ya mbele waliifungua?

Mwenye gari la kifamilia (Mombasa)

Kisa changu kilinila miezi minne. Gari lilienda Nairobi na kurudi bila kuchemsha, lakini kwenye foleni ya kivuko cha Likoni dakika kumi zilitosha kupandisha mshale. Feni ilikuwa ikizunguka kwa kasi, na volti zilikuwa kamili. Rejeta ilizibuliwa mara mbili, mfuniko wake ukabadilishwa, na mwishowe themostati, kile kizibo kinachozuia maji hadi injini ipate moto, ikatolewa kabisa kwa hoja kwamba Pwani ni kwa joto, hatuihitaji. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja kivuko nyuma yangu ndiye aliyeniambia nichukue karatasi niiweke mbele ya rejeta feni ikiwa inafanya kazi. Badala ya kuvutwa ibandike kwenye rejeta, karatasi ilisukumwa ikaangukia lami.

Feni ilikuwa inazunguka kinyume. Miezi kadhaa nyuma mtu alikata plagi iliyoyeyuka akaziunga nyaya mbili bila kujali rangi, na mota ya aina hii ukiigeuzia chanya na hasi haigomi, inageuka tu kuzunguka upande wa pili. Barabarani upepo wa mwendo ulikuwa unaishinda nguvu, ndiyo sababu safari ndefu hazikuonyesha kitu. Tulizibadilisha nyaya kwa dakika kumi. Themostati nayo niliirudisha, ya nyuzi 82, kwa sababu bila hiyo injini ilikuwa ikichelewa kupata moto wake na kunywa mafuta bila haya.

Mama wa madukani (Unguja)

Kaka wa Mombasa, wewe umepona kwa karatasi. Mimi niliponea chupuchupu. Hewa ya bahari huku kwetu hula kila shaba, na sanduku langu la fyuzi lilikuwa limeota kutu ya kijani. Fyuzi ya feni, ya ampia 30, ikawa inaungua kila wiki. Kijana mmoja akaniambia hizo fyuzi za siku hizi ni dhaifu, akaweka kipande cha waya mahali pake. Siku ya tatu, nikitoka Bububu, niliona moshi ukitoka chini ya boneti, na waya ulioungua haukuwa ule alioweka yeye bali fungu zima la nyaya za upande wa kulia. Fundi aliyenisaidia baadaye aliitoa feni akaizungusha kwa kidole, ikawa nzito kama imefungwa: beringi zilikuwa zimekwama, na mota inayolazimishwa kuzunguka hivyo huvuta umeme maradufu. Fyuzi ilikuwa ikisema kweli wiki zote zile.

Dereva (Iringa)

Langu ni fupi. Msiuamini mshale peke yake. Nikipanda mlima wa Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni, mshale ulipanda, halafu ukashuka ghafla hadi kwenye baridi, nami nikamshukuru Mungu. Kumbe mpira wa maji wa chini ya rejeta ulikuwa umepasuka, maji yamekwisha, na kihisi kilikuwa kinapima hewa. Hedi, ile sehemu ya juu ya injini, ilipinda.

Mwanzisha mada (Kimara, Dar es Salaam)

Ndugu zangu, nimerudi na majibu. Jumamosi niliondoa waya wa dairekti, nikarudisha plagi ya asili, nikaliacha gari liungurume hadi feni ikawaka yenyewe. Kwenye betri nilisoma volti 13.9, na kwenye plagi ya feni 10.6. Nilipotenganisha pande mbili kama fundi alivyoelekeza, upande wa chanya ulikuwa umekula 0.9 na upande wa athi 2.4. Boliti ya athi niliipata nyuma ya taa ya kushoto, imepakwa rangi nyeupe nzuri juu na chini, na kichwa cha waya kimekaa juu ya rangi hiyo. Nimekwangua hadi chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi kidogo juu yake. Athi sasa inakula 0.2, plagi inasoma 12.8, na jana jioni nimekaa kwenye foleni dakika arubaini, taa zikiwa zimewashwa, feni ikawaka na kuzima kwa zamu zake.

Zile 0.9 za upande wa chanya bado zipo. Nimeifungua relei na mguu wake mmoja umekuwa wa kahawia, kwa hiyo nitaanzia hapo Jumamosi ijayo. Ile mota ya kwanza sikuitupa. Iko kwenye buti, pamoja na ule waya mnene na swichi yake.