Naomba ushauri: kuwapigia jazz watoto wa shule ya msingi

Wakuu, habari zenu. Napuliza saksafoni hapa Dar, jazz na dansi. Wiki iliyopita tuliwapigia watoto wa darasa la tatu. Solo ndefu ziliwachosha, wakaanza kuchezea viatu. Nilipopuliza vipande vifupi wavijibu kwa makofi, wakachangamka wote! Binti mmoja akabadilisha jibu kwa makusudi, nami nikamfuata. Hiyo ndiyo jazz yenyewe. Nikimkumbuka bado nasisimka.

Tumealikwa tena. Natamani wajue kwamba hata bendi zetu za zamani za dansi, Morogoro Jazz na Western Jazz, zililibeba jina hilo la jazz, ila naogopa kugeuza onyesho kuwa kipindi cha historia. Walimu na wanamuziki wenzangu, mngeanzaje? Na wakiomba kupuliza? Saksafoni ni moja, watoto 60.