Namba 73939133: ukiikata mkia inabaki tasa. Ipo ndefu zaidi?

Mama Vitenge, Moshi
Habarini za jioni wakuu. Nauza vitenge soko la Mbuyuni. Shule niliishia darasa la saba, lakini hesabu naipenda toka moyoni. Juzi kijana wangu wa kidato cha pili alichukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa, akaandika mezani 73939133. Akafuta ile 3 ya mwisho kwa kidole, ikabaki 7393913. Akafuta tena: 739391, 73939, 7393, 739, 73, mpaka 7. Anasema zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe!

Jana mvua ilipokimbiza wateja nikaijaribu 739. Kwa 2, 3 na 5 haiendi, inaonekana kwa macho. Nikagawanya kwa 7, 11, 13, 17, 19. Kila mara kinabaki kitu. Kwa 23 zikabaki 3. Nikaacha hapo, maana 29 mara 29 imeshapita 739. Sasa ile ndefu naihakiki vipi? Na ipo inayoizidi?

Mwalimu Mstaafu, Arusha
Hongera mama, hapo pa kuacha umepapata mwenyewe! Kwa 73939133 utafika mpaka 8598, maana 8599 mara 8599 imeshaipita, na namba tasa za kujaribu ni zaidi ya elfu moja. Hiyo waachie kompyuta.

Inayoizidi hakuna. Kuirefusha lazima uongeze 1, 3, 7 au 9. Nyingine zinagawanyika kwa 2 au 5. Jumlisha tarakimu zake: 38. Ukiongeza 1 inakuwa 39, ukiongeza 7 inakuwa 45. Zote kwa 3 zinaingia, basi na namba yenyewe inaingia.

Mama Vitenge, Moshi
Asante mwalimu. Na 3 na 9 je?

Fundi Kompyuta, Njiro
Shikamoo mama. 739391333 ni 127 mara 5821979. Ya 9 nayo si tasa, ila kigawo chake kiko mbali zaidi. Niliziandikia programu: za aina hii ziko 83 tu, na za tarakimu nane ni tano. Nyingine ni 23399339. Zote tano zinagota hapohapo.

Mama Vitenge, Moshi
Marahaba mwanangu. Hiyo 127 nimeizidisha kwa mkono nyuma ya risiti, imetoka vilevile, tarakimu kwa tarakimu. 23399339 nimeshaiandika mezani kwa chaki, namsubiri kijana atoke shule.