Maji ya moto yenye chumvi nyingi yanaelea au yanazama?

Mwl_Kiboriloni:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha jiografia hapa Moshi. Leo nilikuwa kwenye mikondo ya bahari: maji ya moto yanaelea, ya baridi yanazama, upepo unasukuma ya juu. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, na ya moto yakiwa na chumvi nyingi?" Nimemwahidi jibu Jumatatu, na sitaki kumpa la juujuu. Wengi darasani hawajawahi kuiona bahari, kwa hiyo mifano ya upande wetu itanifaa zaidi.

Mpangani_Sakina:
Mwalimu, huyo binti mtunze. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nilikuwa baharia kabla ya kuhamia Arusha, na mambo haya nayapenda mno.

Baridi inaongeza uzito wa maji, chumvi nayo inaongeza, kwa hiyo inategemea kipi kimezidi. Kwa wastani kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi. Sasa mpeleke Bahari ya Shamu. Jua kali, mvua haba, hakuna mto wa maana unaoingia. Maji yanageuka mvuke, chumvi inabaki, inafika gramu 40 hivi. Msimu wa baridi, upande wa kaskazini, maji hayo yakipoa kidogo tu yanazama. Ndiyo maana ukishuka mita 2,000 pale unakuta nyuzi zaidi ya 20, wakati bahari kuu nyingi kwa kina hicho hazifiki nyuzi 5. Vuguvugu limelala chini, na kilicholizamisha ni chumvi!

Halafu yanatoka. Yakishapita Bab el Mandeb, mlango mwembamba wa kusini wa bahari hiyo, yanateremka Ghuba ya Aden mpaka mita mia kadhaa, yanakoma hapo, kwa sababu chini yake yapo ya baridi mazito zaidi. Yanachanganyika huku yakisogea kusini, na chumvi yake imepimwa hadi Mlango wa Msumbiji.

Hayo mazito ya chini kabisa asili yake ni Antaktika. Bahari ikiganda kule, kwenye nyuzi 1.8 chini ya sifuri, barafu inaiacha chumvi nje, na maji yanayobaki yanapata baridi na chumvi kwa pamoja. Yanatambaa sakafuni mpaka vilindi vya kati ya Madagaska na Somalia.

Upepo kazi yake ni ya juu. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima: kusi ikivuma unakaza, kaskazi ikiingia unalegea.

Shamba_Tengeru:
Shikamoo mzee. Sisi wa migomba na kahawa hayo yanatuhusu vipi? Kila vuli ikikaribia, watabiri wanataja joto la Bahari ya Hindi.

Mpangani_Sakina:
Marahaba. Yanawahusu sana. Kuna miaka upepo wa kutoka mashariki unazidi nguvu kwenye ikweta, unayasukuma maji ya moto yaje upande wetu, na kule Indonesia maji ya baridi yanapanda kutoka chini. Bahari yenye joto inatoa mvuke mwingi, mvuke unaingia bara. Ilitokea 1997, ikatokea tena 2019: vuli ikapitiliza, mafuriko Afrika Mashariki, na Australia ukame. Bahari iko mbali na Tengeru, lakini mvua yako ya Novemba imeanzia huko.

Mwl_Kiboriloni:
Asante sana mzee wangu. Hili la chumvi kushinda joto naweza kuwaonyesha darasani? Maabara yetu haina vifaa.

Mpangani_Sakina:
Huhitaji maabara. Tafuta majagi mawili ya kioo, yajaze maji ya bomba yaliyotulia. Chemsha rozela, iache iwe vuguvugu, igawe vikombe viwili. Kimoja koroga vijiko viwili vya chumvi, kingine acha hivyo hivyo. Mimina taratibu sana kwa kufuata ukuta wa jagi. Yenye chumvi itashuka mpaka chini, isiyo na chumvi itatanda juu. Mwache huyo binti amimine mwenyewe. Na rozela isitiwe sukari, maana sukari nayo inazamisha.