Kutembea Amani na wanafunzi: mimea na wadudu watambulike vipi?

Mwalimu_Chumbageni
Wakuu, habari za leo. Mwezi wa sita napandisha kidato cha tatu kwenye msitu wa hifadhi wa Amani, milima ya Usambara, kwa miguu kutokea Sigi huko chini. Nataka kila kikundi kirudi na kumbukumbu zinazotambulika, si rundo la picha za maua. Kuchuma sitaki. Tuanze saa ngapi, tubebe nini, picha zipigweje?

Gome_na_Jani
Mwalimu, ua peke yake halitoshi, jani ndilo linalosema zaidi. Kila mmea upigwe ulivyosimama, kisha tawi, jani upande wa chini, ua kwa mbele na kwa ubavu, na tunda kama lipo. Tawi lioneshe kama majani yanakabiliana au yanapishana. Jamii ya kahawa, ambayo imejaa Usambara, majani yake hukabiliana, na kati ya vikonyo viwili kuna kijigamba kidogo. Kijigamba hicho kisipoonekana, mtambuzi anabaki kubahatisha.

Simu hupenda kulenga majani ya nyuma, hivyo mtu aweke kiganja nyuma ya ua. Rula iwe pembeni. Asubuhi lenzi hushika ukungu, bebeni kitambaa kikavu cha pamba.

Kwenye miamba yenye unyevu na kivuli tafuteni Saintpaulia: majani yenye vinyweleo yamejipanga duara, ua la zambarau lenye vifuko viwili vya njano katikati. Lilipewa jina la kisayansi mwaka 1893, kutokana na Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa huku Tanga. Wasiliguse kabisa. Udongo wa juu ya mwamba ni mwembamba, ukivutwa kidogo unabanduka na mizizi yake.

Kiwavi_wa_Muheza
Kwa vipepeo msiwahi sana. Wanasubiri jua liwapashe mabawa, kwa hiyo saa tatu hadi saa sita ndio wakati wao. Wadudu wengine: tandika kitambaa cheupe cha mita moja chini ya kichaka, gonga tawi mara tatu nne, hesabu walioanguka, warudishe.

Kiwavi asiandikwe bila mmea anaoula, maana huo ndio nusu ya jibu. Kwenye milimau ya vijijini mtamkuta kiwavi wa kipepeo Papilio demodocus: mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, akikua anakuwa kijani, na akisumbuliwa anatoa pembe mbili laini zenye harufu kali.

Angalizo kwa kipepeo Papilio dardanus. Dume ni wa manjano iliyopauka na ana mikia. Majike wa huku hawana mikia, wanaiga vipepeo wengine ambao ndege huwaona wachungu. Vikundi vitawaandika kama aina tofauti, kwa hiyo wafundishe kabla ya kupanda.

Hondohondo
Naongeza kuhusu kugonga matawi: kwanza angalia juu. Maganda makavu ya upupu yakipukutisha vinyweleo, kikundi kizima kinawashwa. Suruali ziingie ndani ya soksi, na kabla hamjazunguka mmea tazameni chini kama siafu wanapita.

Pia msikimbilie kumaliza njia. Kikundi kikae kwenye mraba wa mita 2 kwa 2 dakika 20, kitaona mengi kuliko kutembea kilomita nzima.

Maesopsis eminii mtaikuta kila mahali, lakini si mti wa asili wa Usambara. Ulipandwa, na ndege wanaoitwa hondohondo wakazisambaza mbegu hadi ndani ya msitu. Uandikwe hivyo.

Hifadhi iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), taarifu ofisi yao mapema na uombe mwongozaji.

Mwalimu_Chumbageni
Asanteni sana. Huo mraba tuufunge kwa kamba, au alama za vijiti zinatosha?

Hondohondo
Kamba ya mita 8, mwalimu, izungushwe kwenye vijiti vinne. Bila kamba wanafunzi husogea nje bila kujua, na hesabu za vikundi hazilinganishiki.